Kazi za nyumbani za Kirusi na za somo la utafiti: mwisho wa juma mmoja unatosha?

MamaZawadi (Maryland, Marekani)

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kwa jambo ambalo nimelivumilia tangu Septemba, na sasa maji yamenifika shingoni.

Binti yangu yuko darasa la kumi na moja. Alipochagua kusoma Kirusi, nyumbani tulidhani ni mzaha, kwa sababu wenzake karibu wote walikimbilia Kihispania. Leo yuko mwaka wa pili na lugha hiyo anaipenda kwelikweli. Mwaka huu ameongeza somo la utafiti la mpango wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari), lile ambalo mwanafunzi hujichagulia swali, akalishughulikia mwaka mzima, kisha akakabidhi andiko la maneno 4,000 hadi 5,000 na kulitetea kwa mdomo mbele ya jopo. Kila somo peke yake linabebeka. Shida yangu ni Ijumaa, kwa maana walimu wote wawili huona siku mbili zinazofuata kuwa ni zao.

Ijumaa iliyopita, kwa mfano, upande wa Kirusi alirudi na maneno 25 ya kukariri pamoja na mkazo wa kila neno, zoezi la sentensi 20, aya moja ya kuandika kwa mkono kuhusu namna anavyotumia mwisho wa juma, na kipande cha kusoma kwa sauti na kujirekodi. Upande wa utafiti alitakiwa kusoma vyanzo vitatu, kuandika maelezo mafupi chini ya kila kimoja, na kulipunguza swali lake, ambalo mpaka sasa ni "Urusi na Afrika", na mwalimu amekwisha kumwambia kwamba hilo si swali bali ni bara zima.

Namna anavyofanya ndiyo inayonitia wasiwasi. Utafiti anaudokoa vipande vipande, nusu saa hapa, dakika kumi pale, simu ikiwa mkononi. Kirusi anakiweka mpaka Jumapili saa tatu usiku, halafu anakaa nacho saa tatu mfululizo. Jumatatu anayajua maneno yote. Ikifika Jumatano, siku ya jaribio, nusu yamekwisha kumtoka.

Jumapili moja alichoka, akaiandika ile aya kwa Kiingereza na kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri. Mwalimu aliirudisha ikiwa na duara jekundu kwenye neno moja tu, прочитав, na chini yake ameandika kwamba umbo hilo darasa halijalifikia. Alipewa nafasi ya kuandika upya, lakini aibu aliyoipata ilimtosha.

Mimi mwenyewe Kirusi sikijui hata herufi. Siku moja nilifungua daftari lake nikakuta mstari mzima wa "mom, mom, mom" kwa mwandiko wa mkono, nikaenda chumbani kumuuliza mbona ananiita kwa maandishi. Kumbe ni тот, maana yake "yule", na herufi yao ya T ikiandikwa kwa mkono hufanana na m yetu.

Naomba kujua mambo mawili. Siku hizi mbili nimsaidieje kuzigawa? Na je, mzazi asiyejua lugha anaweza kumsaidia mtoto kwa lolote, au nibaki kumletea chai tu?

Mzee_wa_Voronezh (Morogoro)

Mama Zawadi, salaam. Mimi nilikwenda Urusi ya Kisovyeti mwaka 1986 kusomea uhandisi, na kama ilivyokuwa kwa wageni wengi, mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa kitivo cha maandalizi, mjini Voronezh, ambako kazi yetu ilikuwa Kirusi kuanzia asubuhi mpaka usiku. Kwa hiyo haya ninayosema niliyalipia.

Binti yako ameyageuza mambo chini juu. Lugha ndiyo inayotaka kudokolewa, na utafiti ndio unaotaka kukaliwa kitako. Akifanya kinyume cha anavyofanya sasa, kwa saa zilezile, utaona tofauti. Maneno 25 yagawe: dakika 20 Ijumaa jioni kabla hajauweka mkoba, dakika 20 Jumamosi asubuhi na nyingine usiku, na vivyo hivyo Jumapili. Jumla yake haifiki hata saa mbili, lakini kila neno limepita kichwani mara tano, na katikati yake amelala usiku mara mbili. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe jinsi mtu anavyosahau na akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Bibi aliyekuwa akitufundisha hakuwahi kumtaja, lakini alitukataza kabisa kukesha na daftari la maneno, akisema neno lililoingia kwa nguvu usiku hutoka lenyewe asubuhi.

Sasa kuhusu wewe. Usijidharau, kwa sababu una kitu ambacho mwalimu wake hana: Kiswahili. Kirusi kina hali sita za nomino, yaani neno hubadili mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi, wenyewe huziita padezhi, na mwanafunzi anayepitia Kiingereza huziona kama adhabu. Mwambie binti yako aanze na neno moja tu, "shuleni". Sisi husema naenda shuleni, niko shuleni, natoka shuleni, na neno halibadiliki hata chembe, kwa kuwa kitenzi kimekwisha kuifanya kazi. Mrusi atasema в школу anapokwenda, в школе anapokuwa huko, na из школы anapotoka. Basi wewe keti naye jikoni, sema sentensi hizo kwa Kiswahili kwa kuzichanganya, naye ajibu kwa Kirusi papo hapo. Baadaye badilisha: sokoni, kazini, mjini. Jibu sahihi awe nalo kwenye kadi, mbele Kiswahili na nyuma Kirusi, wewe uangalie kama herufi ya mwisho ndiyo aliyoitamka.

Liko jambo jingine ambalo watoto wetu hulipata bure. Kirusi hutofautisha chenye uhai na kisicho na uhai kwa nomino za kiume zinapotendwa: "naona meza" ni вижу стол, meza ikibaki ilivyo, lakini "namwona kaka" ni вижу брата, na kaka anaongezewa mkia. Angalia vizuri hapo: hata sisi tumeongeza "m" kwa kaka na hatukuiongeza kwa meza. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu bwenini. Na upatanisho wa kisarifi usimtishe mtu aliyekulia kwenye kitabu kipya, meza mpya na jiwe jipya. Wao wana jinsi tatu tu.

Herufi zao ni 33. Jifunze wewe pia, Mama, zitakuchukua mwisho wa juma mmoja. А, К, М, О na Т unazijua tayari. Za hatari ni zile zinazofanana na zetu na kutamkwa vingine: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, У ni u. Ndiyo maana mgeni akifika mbele ya mkahawa ulioandikwa РЕСТОРАН husoma "pektopa" na kupita zake akiwa na njaa.

Aya ya mwisho wa juma aiandike kwa maneno anayoyajua tu, hata ikiwa fupi na ya kitoto. Lile прочитав lilimchongea kwa sababu ni umbo la "akiisha kusoma", na mwanafunzi wa mwaka wa pili huwa bado anahangaika na jozi ya читала na прочитала, yaani "alikuwa akisoma" na "alisoma akamaliza". Mwalimu hakuhitaji mashine yoyote kumkamata.

Baraka_Houston

Shikamoo Mama Zawadi, shikamoo Mzee. Somo hilo la utafiti nililimaliza mwaka juzi, kwa hiyo nitajibu upande huo na kumwachia Mzee Kirusi chake.

Andiko lina asilimia 75 ya alama, na uwasilishaji pamoja na utetezi asilimia 25, na makabidhiano ni mwisho wa Aprili. Kosa langu kubwa lilikuwa kuutumia kila mwisho wa juma kuandika utangulizi. Niliuandika mara tano, na mara zote tano ulikuwa utangulizi wa kazi ambayo bado haipo. Dada yangu Zawadi asiandike utangulizi wowote kwa sasa. Jumamosi asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, simu ikae chumba kingine, asome vyanzo vyake vitatu kwa mkao mmoja, na kwa kila kimoja ajaze karatasi yenye safu tatu: mwandishi anasema nini, amejuaje, na mimi ninabishana naye wapi. Safu ya pili ndiyo ambayo wengi huiacha tupu, na ndiyo ambayo jopo huiulizia. Akishaijaza, maelezo mafupi anayoyataka mwalimu yatatoka yenyewe kwa dakika 15 kila chanzo. Lakini asiikate asubuhi hiyo katikati. Mtu akiachia makala ukurasa wa saba akarudi jioni, huanza tena ukurasa wa kwanza.

Kuhusu swali, mimi ningemshauri aache siasa za Urusi na Afrika, ambazo zitamzamisha, achukue kitu anachoweza kukihesabu kwa vidole. Mzee ametaja faida ya Kiswahili, nami naiona faida nyingine. Yako maneno yaliyosafiri kutoka Uarabuni na Uajemi kwa njia mbili, njia moja ikaja pwani yetu kwa majahazi, nyingine ikapanda kaskazini kupitia kwa watu wa lugha za Kituruki hadi Urusi. Mrusi huita kasha kubwa la mbao сундук, na sisi tuna sanduku. Yeye ana алмаз, sisi tuna almasi. Ana казна, sisi tuna hazina. Hata магазин, duka lao la kawaida, limetokana na mzizi uleule wa hazina, ila lenyewe lilizunguka kupitia Ufaransa kabla ya kufika Moscow.

Swali lake linaweza kuwa hivi: katika maneno kumi yaliyoingia katika lugha zote mbili kutoka chimbuko moja, maana ilibaki wapi na ilihama wapi? Hapo ana sampuli, ana njia ya kulinganisha, na ana mpaka. Kwetu sanduku ni la posta, la kura, la barua, hata la maiti. Kwa Mrusi сундук ni lile kasha la bibi lenye mfuniko, tena zito. Kwa chimbuko la maneno ya Kirusi kuna kamusi ya Max Vasmer, ambayo tafsiri yake ya Kirusi ni juzuu nne na inapatikana mtandaoni. Kwa Kiswahili kuna kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Zote mbili ni ngumu kwa mwanafunzi wa sekondari, lakini maneno kumi si mengi, na kila ukurasa wa Vasmer atakaoufungua ni zoezi la Kirusi.

Tahadhari moja: akitaka kuwahoji Warusi au Waswahili, ombi lake lipitishwe kwanza na kamati ya shule kabla hajakusanya hata jibu moja. Mwenzangu mmoja aligawa hojaji kwanza na kuomba ruhusa baadaye, ikabidi azitupe zote.

BabaKelvin (Eldoret)

Mimi naomba nitofautiane nanyi kidogo, kwa heshima. Mmempangia mtoto ratiba ya kambi ya jeshi. Asubuhi vyanzo, jioni kadi, Jumapili kadi tena, na bado hatujataja kanisa, usafi wa nyumba, wala kusimama uani bila sababu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na ninakiri kwamba kwa miaka mingi nilitoa maswali 30 kila Ijumaa bila kujua kwamba mwenzangu wa kemia alikuwa akitoa 30 mengine. Hatukuwa wakatili, ila hatukuwa tumeulizana.

Mama Zawadi, kabla ya kumgawa binti yako vipande, waandikie walimu wote wawili barua moja, kila mmoja aone jina la mwenzake juu yake. Usilalamike. Taja tu kazi za Ijumaa moja kama ulivyozitaja hapa, na saa alizotumia, kisha uliza kama kuna kinachoweza kusogezwa hadi katikati ya juma.

Na swali langu la pembeni: Kirusi cha nini hasa? Nauliza tu.

Mzee_wa_Voronezh (Morogoro)

Ndugu BabaKelvin, la barua umenizidi, nakuunga mkono kabisa. La "cha nini" siwezi kulijibu kwa niaba ya binti wa watu, lakini sisi tulipoulizwa na wazee wetu tulijibu kwamba ni cha kusomea, na hatukudanganya. Hadi leo jedwali la nguvu za vyuma lililoko kichwani mwangu liko kwa Kirusi.

Nimesahau jambo moja linalohusu siku zenyewe, na kwa kuwa binti anaandika aya kuhusu mwisho wa juma, litamgusa. Sisi huhesabu kutoka Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Warusi huhesabu kutoka Jumatatu, kwa hiyo вторник, lenye "pili" ndani yake, ni Jumanne, na четверг, lenye "nne", ni Alhamisi. Mimi katika mwezi wangu wa pili niliambiwa mtihani ni четверг, nikasikia nne, nikaenda Jumanne nimevaa suti. Nilikuta darasa la watu wengine. Siku za mapumziko zenyewe huitwa выходные, neno litokanalo na kutoka, kama mtu anayetoka mlangoni, na hapo nadhani BabaKelvin atawapenda.

MamaZawadi (Maryland, Marekani)

Narudi kutoa taarifa baada ya majuma mawili, na nianze kwa kuwashukuru.

Barua niliiandika kama BabaKelvin alivyoelekeza. Mwalimu wa Kirusi alijibu siku hiyohiyo kwamba hakujua kabisa, na ile kazi ya kusoma kwa sauti ameihamishia Jumanne kwa darasa zima. Mwalimu wa utafiti hakupunguza kitu, ila alisema vyanzo vitatu vinaweza kuwa viwili iwapo kimojawapo ni kirefu. Si haba.

Jumamosi ya kwanza haikwenda vizuri. Saa tatu mpaka saa sita ziligeuka saa nne na nusu mpaka saa sita, kwa sababu mdogo wake alikuwa na mechi na gari ni moja. Jumamosi ya pili alikaa saa tatu kamili mezani, mlango umefungwa, akatoka na karatasi mbili zilizojaa safu zote, na safu ya kati ameandika kwenye chanzo kimoja "hasemi amejuaje". Alijivunia hilo kuliko mengine yote.

Kadi tunazifanya jikoni. Nilidhani atachoka na "naenda sokoni, natoka sokoni", lakini mimi ndiye niliyechoka mwanzo. Tumegundua kwamba kosa lake halikuwa la kusahau; alikuwa hajui kama "niko" na "naenda" huko kwao hubadilisha mwisho wa neno, kwa kuwa kichwani alikuwa akisikia "-ni" ileile. Jaribio la Jumatano alipata 22 kati ya 25. Herufi nimezifikisha 19.

Swali la maneno yaliyosafiri mwalimu wake amelikubali, na orodha yake ya kwanza ina sanduku, almasi, hazina, haluwa, chai, shetani na sukari. La chai amelifurahia sana, kwa sababu ameona kwamba Mrusi akimpa mhudumu bakshishi husema anampa "ya chai", на чай, na fedha hiyo huitwa чаевые. Akaja kuniuliza kwa nini baba yake hukasirika akisikia kwamba mtu nyumbani ameombwa "chai" ofisini. Nilimweleza. Ameandika kwenye safu ya tatu: "Neno lilelile, kikombe kilekile, lakini kwa Waswahili limeingia pia kwenye rushwa." Je, orodha hiyo iko sawa?

Mzee_wa_Voronezh (Morogoro)

Ya chai imetulia, ila aiwekee alama, maana chimbuko lake ni Uchina na si Uarabuni, hivyo isimharibie swali lake. Anaweza kulipanua swali liseme "maneno yaliyopitia njia za biashara".

Sukari aitazame tena. Yetu ilitoka kwa Waarabu, lakini сахар ya Warusi iliwafikia kupitia Kiyunani. Mbali sana, huko India, mzazi wao ni mmoja, kwa hiyo ama aiondoe, ama aiwekee safu ya peke yake na kueleza kwa nini. Mimi nisingeiondoa.

Na kwenye kadi zake, mkazo wa сундук uko kwenye у ya pili, wa алмаз kwenye а ya pili, na wa казна kwenye а ya mwisho. Sisi tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na asipoangalia atayatamka yote matatu Kiswahili.